Tupeane uzoefu: Picha la mapigano lililokuponza utotoni

Ugoko wa Tanga
Wakuu, salaam. Jana mwanangu wa miaka 6 kafunga shuka shingoni, kapanda mgongo wa kochi, karuka. Mdomo umepasuka, kashonwa nyuzi mbili. Nimemshikia kitambaa pale zahanati, mara nikajikuta niko Tanga mwaka 1991, nyuma ya nyumba yetu, napiga mnazi mateke.

Mliokaa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, mnalijua lile picha la Van Damme, Kickboxer. Kaka yake kapigwa ulingoni na Tong Po hadi miguu imekufa ganzi ya maisha, yeye anakwenda kufundishwa na mzee, na mzee anamwambia apige mti kwa ugoko. Siku ya kwanza niliona nyota. Siku ya pili nikarudi, maana mle ndani naye alirudi. Siku ya tatu soksi ya shule haikupanda mguuni. Mama akadhani nimeumwa na mdudu, akanichua kwa mafuta ya nazi wiki nzima, nami nikanyamaza.

Tupeane uzoefu. Picha gani, au kitabu gani cha katuni, kilikuponza?

Mshale wa Chelewa
American Ninja. Fulana nyeusi nimeifunga usoni, upinde wa mpera, mshale wa chelewa. Ulimpata mtoto wa jirani sentimita moja chini ya jicho. Mpaka leo nikisikia jina la Michael Dudikoff tumbo linanikata.

Bint Dodoma
Msijisahau mkadhani mlikuwa peke yenu mle kibandani, wasichana tulikuwepo. Mimi niliponzwa na katuni. Kaka yangu alikuwa ananunua Sani, anasoma, ananipa na mimi kwa sharti kwamba nimuoshee sahani. Lodi Lofa na Ndumilakuwili nilikuwa nawajua kuliko majina ya mawaziri. Nilificha matoleo kama 20 chini ya godoro. Siku moja kunguni wamezidi, godoro likatolewa juani, na vitabu vikaonekana. Baba hakusema neno. Alivibeba akaenda kuwashia mkaa. Nilichapwa mara nyingi utotoni na nimesahau, lakini ule moshi sijausahau.

Pwani Kabisa
Wallahi dada umenigusa. Kuchoma kitabu cha mtoto ni ukatili.

Mzee wa Kofia
Nyinyi vijana mnaongelea vya juzi. Sisi miaka ya mwisho ya sitini hadi sabini tulikuwa na Lance Spearman, Spia mwenyewe. Si katuni ya kuchorwa, ni picha za kupigwa kwa kamera, watu wa kweli, na maneno yametoka midomoni kwenye viputo. Mtu mweusi, kofia, tai ya kipepeo, sigara nene, anawakamata wahalifu na hakuna Mzungu anayemtuma. Nakala moja ilikuwa inazunguka darasa zima, inarudi haina jalada. Nilikatwa posho ya wiki kwa kununua moja badala ya daftari la hesabu, na ningeinunua tena.

Ugoko wa Tanga
Shikamoo mzee. Ndiyo hasa tunayoyataka haya.

Bonde la Ufa
Sisi huku Kenya ni DJ Afro, mkalimani wa picha, alituharibu. Ukitazama picha bila sauti yake unaona kama chakula hakijatiwa chumvi. Niliwahi kuona picha moja kwa lugha yake halisi nikiwa mtu mzima, kumbe yule niliyekuwa najua ni baba mkwe ni polisi!

Kinondoni Juu
Hapo ndipo wakalimani wanaponiudhi. Mtu kakaa mwaka mzima kaandika hadithi, wewe unaweka baba mkwe. Hata Lufufu, pamoja na sauti ile, alikuwa anatunga.

Bonde la Ufa
Kutunga ndiyo kazi yenyewe. Picha la Hong Kong, maandishi ya Kiingereza yanayopita mbio, watu 60 kwenye mabenchi, nusu hawajui kusoma. Bila mkalimani ungeona ngumi tu. Yeye ndiye aliyetupa sababu ya zile ngumi.

Kinondoni Juu
Sababu ya uongo.

Mtoto wa Ujiji
Nilikuwa napita tu, ila nimeona mwanao karuka kwenye kochi, nimeshindwa kulala. Nitaandika ndefu, mnisamehe.

Ujiji, 1994. Mimi nina miaka 12, mdogo wangu 9. Kibanda kilikuwa karibu na soko, makuti juu, magunia ukutani, kiingilio shilingi 50. Siku hiyo tulikuwa na pesa ya mafuta ya taa. Tukasema tutanunua nusu chupa, nusu tuingie. Picha la Jackie Chan, lile la kutafuta silaha za Mungu, Armour of God. Mwanzoni kabisa anakimbizwa na watu wa kabila fulani, anaruka toka ukutani hadi kwenye mti. Mdogo wangu alinibana mkono nikaumia.

Nyuma ya kwetu kulikuwa na pagala, nyumba ya mtu aliyehamia mjini, kuta zimeishia kwenye lenta. Kando yake mwembe wa babu. Toka ukutani hadi tawi ni kama hatua tatu za mtu mzima. Kesho yake nikapanda mimi, nikaruka, nikashika tawi, nikaning'inia, nikashuka. Watoto wa mtaa walipiga kelele ambazo sijapigiwa tena maishani. Mdogo wangu akasema na yeye. Nikamwambia wewe mfupi. Akaanza kulia. Basi nikamwambia maneno haya, nayakumbuka neno kwa neno: "Ruka tu, steringi hafi." Steringi, yaani shujaa wa picha.

Akaruka. Tawi alilishika, tena vizuri kuliko mimi. Ila lile tawi nilikuwa nimeshaliyumbisha. Likakatika.

Mfupa wa paja. Sitaelezea sauti yake. Watoto wote walikimbia, tukabaki wawili. Nilimbeba mgongoni, naye akawa ananiuliza kama picha limeisha. Nadhani alikuwa anapoteza fahamu.

Kwa mama nikasema ameanguka akichuma maembe. Mdogo wangu alisikia, akanyamaza. Alipelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa, akafungwa vijiti na majani, mguu ukaunga umepinda. Ni mfupi kuliko mwenzake kama upana wa vidole vitatu. Hakucheza mpira tena. Sasa hivi ana duka la vifaa vya baiskeli na anachechemea.

Lakini si hilo tu. Mama alimwita mtu mwenye shoka. Mwembe uliopandwa na babu kabla ya uhuru, ulioliwa na mtaa mzima, mama akaukata kwa sababu umemvunja mwanawe. Mimi nilisimama pale nikiokota vipande vya kuni. Mama ana miaka 78. Hadi leo mtu akitaja maembe anasema, "Mti ule ulinilemazia mtoto." Na mimi nipo nimekaa, nakunywa chai.

Mshale wa Chelewa
Dah.

Bint Dodoma
Pole sana kaka. Nimesoma nikisita kila mstari.

Pwani Kabisa
Mwambie mama. Leo. Usilale na hilo.

Mzee wa Kofia
Usimwambie. Mama wa miaka 78 unampelekea mzigo wa nini? Wewe ndiye unataka kupumua, yeye alishapumua siku alipokata mti.

Pwani Kabisa
Mzee wangu kwa heshima zote, mtu kaishi miaka 30 akilaumu mti. Hiyo si pumzi.

Nesi wa Zamu
Nyie mnagombania mama, mgonjwa ni mwingine. Mtoto wa Ujiji, mdogo wako bado ana nafasi. Mfupa uliounga vibaya madaktari wa mifupa wanaweza kuukata na kuunyoosha upya hata kwa mtu mzima, na tofauti ya urefu hupunguzwa pia kwa kiatu kilichoinuliwa soli. Apate rufaa aende MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, apigwe picha kwanza. Miaka ikipita, nyonga na kiuno vinaanza kulipa deni la mguu.

Kinondoni Juu
Ila hilo la "steringi hafi" nalo ndilo lililotuua wengi. Na si kweli. Rambo alikufa.

Mshale wa Chelewa
Rambo yupi alikufa? Rambo kapiga picha tano, mpaka mifuko ya plastiki tuliiita rambo hadi ilipopigwa marufuku 2019. Usilete uzushi.

Kinondoni Juu
Kitabu cha David Morrell cha 1972, ndicho kilichozaa lile picha la 1982. Kwenye kitabu Rambo anakufa mwishoni. Hata kwenye picha walishapiga kipande anakufa, wakakiacha. Na mle ndani anakufa mtu mmoja tu, askari anayeanguka toka kwenye helikopta. Rudia kuangalia.

Mshale wa Chelewa
Kitabu ni kitabu. Kibandani hakufa.

Bonde la Ufa
Terminator wa 1991 je? Alitaka mwenyewe ashushwe kwenye chuma kinachochemka. Kidole gumba juu. Nililia.

Mshale wa Chelewa
Yule mashine.

Bonde la Ufa
Bruce Lee mwisho wa Fist of Fury karukia bunduki, picha likaganda hewani, risasi zinasikika. Yule naye mashine?

Mshale wa Chelewa
Picha liligandia hewani, ina maana bado anaruka.

Bint Dodoma
Jamani mwenzetu kamwaga moyo hapa, nyinyi mnahesabu maiti.

Msomaji Kimya
Sijawahi kuandika hapa. Mtoto wa Ujiji, kuna kitu nadhani hukijui, na nasita kukuambia ila nakuambia.

Ile ruka ya ukutani hadi kwenye mti ndiyo iliyokaribia kumuua Jackie Chan mwenyewe. Walikuwa wanapiga picha Yugoslavia, katikati ya miaka ya themanini. Mara ya kwanza aliruka salama. Hakuridhika, akataka kurudia. Mara ya pili tawi likakatika. Akaanguka, kichwa kikafikia jiwe, fuvu likapasuka. Alifanyiwa upasuaji, akabaki na tundu kichwani lililozibwa, na sikio moja halisikii vizuri tangu hapo.

Na aliweka wazi. Mwisho wa picha, majina yanapopanda, kuna vipande vya makosa, na anguko lile limo: watu wanamkimbilia, damu, machela. Kwenye picha zake nyingi za miaka ile anafanya hivyo. Kwenye Police Story ya 1985 aliunguza mikono kwa kuteleza kwenye nguzo yenye taa. Alitaka watu waone.

Mtoto wa Ujiji
Sikuona. Tuliondoka picha lilipoisha.

Fundi Deki
Hamkuondoka, mlitolewa. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa na kibanda Morogoro kuanzia 1989 hadi 1998. Majina yakianza kupanda nilikuwa nazima deki. Kila mwenye kibanda alizima. Jenereta inakula petroli, nje kuna watoto 40 wanasubiri onyesho la saa kumi, na nani anataka kusoma majina ya Kichina? Vile vipande nilikuwa najua vipo. Mara moja moja nilikuwa naviangalia peke yangu usiku, nikirudisha mkanda mwanzo. Sikuwahi kufikiri kwamba ndiyo sehemu iliyowahusu watoto kuliko zote. Dakika mbili au tatu za petroli.

Nimesoma hadithi yako mara nne tangu asubuhi. Kibanda cha Ujiji hakikuwa changu, lakini nisamehe.

Mzee wa Kofia
Fundi, usijitwike. Ulikuwa unatafuta ugali.

Kinondoni Juu
Kwa hiyo mkalimani katutungia mwanzo, mwenye deki katukatia mwisho. Sisi tuliona nini hasa?

Bonde la Ufa
Tuliona katikati, na ilitutosha.

Pwani Kabisa
Haikumtosha yule mtoto wa miaka 9.

Ugoko wa Tanga
Leo nyuzi zimetolewa. Nimekaa na mwanangu nikamwonyesha kile kipande cha Yugoslavia kwenye simu. Mke wangu kanigombeza, anasema nimemtia mtoto hofu. Mtoto aliangalia akauliza kama yule mjomba alipona. Nikamwambia alipona, ila sikio moja halisikii vizuri. Akashika sikio lake. Shuka kalirudisha kitandani mwenyewe.

Nesi wa Zamu
Mkeo ana haki. Miaka 6 ni mdogo kwa damu ile. Ungemweleza kwa maneno.

Bint Dodoma
Mimi naona umefanya vizuri.

Mtoto wa Ujiji
Wakuu, nilimtumia mdogo wangu kipande kile Jumanne. Alikiona, hakujibu. Jana usiku kanitumia sauti. Inaanza kimya, nasikia spoku zinagongana, yupo dukani. Kisha anasema, "Kaka, kumbe na yeye tawi lilikatika." Halafu akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema anataka nimtumie picha zima, aangalie tangu mwanzo, na nisimkatie mwisho.

La MOI nimemwambia. Kasema atafikiria, duka hana wa kumwachia. La mama tumekubaliana tutamwambia wote wawili. Desemba napanda treni, nashuka Kigoma.

Pwani Kabisa
Mwambie akishakula. Usimwambie na njaa.

Mzee wa Kofia
Asubuhi. Wazee usiku hatulali tukiambiwa mambo.

Fundi Deki
Beba na mche wa mwembe.

Mshale wa Chelewa
Mkuu safari njema. Kinondoni Juu, nimekipata kile kitabu cha Rambo kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta. Nipo ukurasa wa 60, usiniambie chochote.