Mifupa ya nguruwe ya moshi kwa supu: mjini niulizie wapi?

Sufuria_Pana
Wakuu habari zenu. Natafuta mifupa ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, nipikie supu ya maharage. Supamaketi zimejaa bekoni na soseji, mifupa hakuna. Niulizie wapi na niombe kipande gani? Halafu chumvi yake, maana nasikia huwa kali, inapunguzwaje?

Kisu_Butu
Mkuu, achana na rafu za supamaketi, mtafute anayekata nyama. Duka linalouza paja la moshi lenye mfupa kwa kukata lazima libaki na mfupa, na mara nyingi unatupwa au unauzwa rahisi. Ongea na muuzaji siku moja kabla akuwekee. Pili ni bucha la nguruwe lenye tanuri lake la moshi. Tatu, chungulia friza za chini, mifupa ya shingo hupenda kufichwa huko.

Ukiambiwa "hatuna mifupa", taja kipande. Kifundo, yaani pale juu ya kwato, ndicho bora kwa supu: kina ngozi na kano nyingi, zinayeyuka kuwa jelatini na supu ikipoa inaganda. Shingo ina nyama zaidi ila ina vijifupa, kwa hiyo chuja. Mfupa wa paja una moshi mwingi na nyama kidogo. Omba ukatwe kwa msumeno uboho utoke, kisha suuza ule unga wa mfupa.

Soma lebo pia. Ikiandikwa "ladha ya moshi" kwenye viungo, huenda nyama haijawahi kuona moto wa kuni. Wekundu unaobaki ndani hata baada ya kuiva usikutishe, kwa kawaida ni naitraiti ya kuhifadhia. Utelezi na harufu ya uchachu ndivyo vya kukimbia.

Mama_Mwiko
Kuhusu chumvi: loweka kwenye maji baridi ndani ya friji saa 8 hadi 12, badilisha maji mara moja. Ukiwa na haraka, tia mifupa kwenye maji baridi, chemsha dakika 10, mwaga, suuza. Usifanye yote mawili bila sababu, kwani moshi mwingi uko juu juu na utaondoka na maji.

Kisha kilo 1 ya mifupa kwa lita 3 za maji baridi, moto mdogo, saa 2 na nusu hadi 3. Viputo vipande juu kimoja kimoja. Ukichemsha kwa fujo, mafuta yanavurugika na maji, supu inakuwa na ukungu na inabaki kama nta mdomoni. Engua povu la mwanzo. Chumvi na vidonge vya supu kaa navyo mbali hadi mwisho kabisa, maana maji yakipungua chumvi inakolea yenyewe.

Maharage mekundu yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika 10 peke yake ndipo uyaunganishe. Moto mdogo pekee hauiui sumu yake. Nyanya au ndimu iingie yakishalainika, uchachu unakaza maganda. Na ule ushauri wa kutia kiazi kivute chumvi hausaidii kitu: kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, yanayobaki ni chumvi ileile. Ongeza maji au maharage yasiyo na chumvi.

Sufuria_Pana
Shukrani sana. Na nikikosa kabisa?

Kisu_Butu
Njia fupi: kwato au vifundo vibichi kilo 1, pamoja na gramu 150 za bekoni ya kipande kizima yenye ngozi. Uzito wa supu unatoka kwenye kwato, moshi kwenye bekoni.

Njia ndefu: mifupa mibichi ya shingo kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa lita, saa 12 hadi 24 ndani ya friji. Toa, futa, iache wazi juu ya waya ndani ya friji usiku kucha, kwa sababu ikiwa na maji moshi unanasa vibaya na kuleta uchungu. Tumia jiko la mkaa lenye mfuniko, mkaa upande mmoja, mifupa upande mwingine, nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, saa 2 hadi 3. Kuni ziwe za miti ya matunda, zimekauka. Msonobari una utomvu, na mbao zilizopakwa rangi ni sumu. Moshi mweupe mzito maana yake hewa haitoshi, fungua tundu.

Mama_Mwiko
Naongezea: nyama ifike nyuzi 71 ndani, na ncha ya kipimajoto isiguse mfupa, itakudanganya. Na hiyo ya nyumbani haina naitraiti, hivyo ni nyama iliyoiva tu. Siku 3 au 4 kwenye friji, zaidi ya hapo igandishe.