Bwawa limebanduliwa taili, mke anataka maporomoko: pampu ileile itatosha?

Baba_Mjimwema

Wakuu, salaam. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita huku Mjimwema, Kigamboni. Bwawa letu la kuogelea ni mita 8 kwa 4, kina kinaanzia mita 1.1 hadi 1.8. Mwaka jana taili zilianza kubanduka mojamoja, mgeni mmoja akachanika kisigino, nikasema basi, linakarabatiwa lote. Sasa hivi limekauka, mafundi wamebandua mpaka plasta.

Hapo ndipo mama watoto alipokuja na lake. Anataka ukuta wa mawe ya matumbawe upande wa baraza, kimo mita moja na nusu, maji yashuke kama pazia kutoka kwenye mdomo wa stenlesi wenye upana wa sentimita 120. Kaiona picha kwenye simu. Mimi sikatai, wageni wa siku hizi wanachagua chumba kwa picha, na bwawa letu kwenye picha linafanana na tangi la zimamoto.

Fundi anasema ni kazi ndogo: anakata bomba linalorudisha maji bwawani, anaweka tii na koki, anapandisha bomba la inchi moja na robo ukutani, pampu ileile ya HP 0.75. "Mzee, maji yatapanda tu." Hiyo "tu" yake ndiyo inayonikosesha usingizi. Nimefanya kazi bandarini miaka 28, kila kitu nilichoona kikianguka kuna mtu alikuwa amesema "tu".

Mwenye uzoefu anishauri kabla hawajapiga taili.

mteja_wa_luku

Sijui mabwawa ila najua LUKU, umeme wa kulipia kabla. Pampu ya HP 1 inakula karibu uniti moja kwa saa. Ukiiwasha saa tano kila siku ni uniti 150 kwa mwezi, za kusikiliza maji tu. Mke wako ndiye atakayekuwa ananunua?

fundi_maji_pwani

Shikamoo mzee. Fundi wako hajakosea kwamba maji yatapanda. Yatapanda, halafu yatadondoka kama bomba la mvua lililoziba.

Pazia zuri linataka kama lita moja na nusu kwa dakika kwa kila sentimita ya mdomo. Sentimita 120 ni lita 180 kwa dakika, karibu mita za ujazo 11 kwa saa. Pampu yako chujio likiwa safi inatoa kama hizo hizo, likichafuka inapungua. Kwa hiyo maporomoko yakiwaka, kwenye bomba la kurudisha maji bwawani hakipiti kitu, na ile kona ya mbali inaanza kuota ukijani. Weka pampu ya pili ya maporomoko peke yake, na bomba la inchi mbili. Kwenye inchi moja na robo hayo maji yatakimbia mno, yatapiga kelele, na msuguano ndio utakaokula nguvu ya pampu.

Pampu hiyo ipewe matundu mawili ya kufyonzea, yenye mifuniko maalumu, yaachane mita moja. Tundu moja likizibwa na mgongo wa mtoto, jingine linapumua. Hapa usibane pesa hata kidogo.

Matumbawe ni chokaa. Maji yakidondoka yanapoteza hewa ya kaboni, pH (kipimo cha uchachu wa maji) inapanda, na kama mnatumia kisima cha Kigamboni chenye chumvi na chokaa, mdomo utaota magaga meupe. Mtataka kuyasugua kwa tindikali, na tindikali ikigusa matumbawe yanatoa povu na kulika. Basi juu ya mdomo na chini yake wekeni taili, matumbawe yakae pembeni. Stenlesi iwe ya daraja la 316. Ile ya 304 kwa upepo wa bahari itakuonyesha madoa ya kutu mapema.

Halafu mzee, bwawa liko tupu na masika inakuja? Mchanga wa huko maji yake yako juu. Bwawa tupu linaweza kunyanyuliwa kutoka chini kama dau. Chimba shimo pembeni, chini ya kina cha bwawa, uwe unavuta maji.

Bi_Jambiani

Mie niko Jambiani, Unguja, nna bwawa na ukuta wa maji tangu mwaka juzi. Hakuna aliyekutajia upepo. Baraza lako liko upande gani? Kama ni kaskazini ya bwawa, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza utawakogesha wageni wakiwa na chai mkononi. Langu lilikuwa hivyo, nikavunja nikajenga tena upande wa kusini, ukuta ukaupa upepo mgongo.

Na kelele. Mita moja na nusu usiku ni mvua isiyokatika. Mgeni wa chumba cha karibu aliniuliza asubuhi kama bomba limepasuka! Langu sasa ni sentimita 60 tu kwenda juu, linazimika lenyewe saa tatu usiku.

Baba_Mjimwema

Nimerudi. Bi Jambiani, baraza liko kaskazini hasa. Nimekwenda na mama watoto, nikasimama ukingoni na ndoo nikamwaga maji kutoka kimo alichotaka. Yalimrudia usoni. Kakubali ukuta uhamie kusini, kimo sentimita 60, mdomo sentimita 60. Kwa hesabu ya fundi_maji ni lita 90 kwa dakika, pampu ndogo ya pili inatosha. Matumbawe kayagomea kuyaachia, yatakaa pembeni.

Shimo la maji tumechimba jana. Kufikia jioni lilikuwa na maji ya magotini, na mvua hazijaanza. Nimenyamaza kimya.

Fundi kanuna kidogo, anasema inchi mbili ni fujo. Kesho anataka kufukia mabomba. Nimemwambia ayajaze maji kwa presha ya baa 2, yalale mpaka keshokutwa, na geji nitaisoma mwenyewe kabla ya koleo la kwanza la mchanga.

mteja_wa_luku

Na LUKU?

Baba_Mjimwema

Jumamosi na Jumapili, saa kumi mpaka saa tatu usiku. Uniti ananunua yeye.