Mji Mkongwe unakarabatiwa, wapangaji tunatupwa nje. Mimi sihami kimya kimya

Jamani nimeshindwa kunyamaza. Juzi baada ya Alasiri nimekuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wetu, mtaa wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar: wapangaji wote tuhame ndani ya siku 30, nyumba inaingia kwenye matengenezo. Tumo familia tano. Hakuna aliyepiga hodi, hakuna aliyetuita tukakaa kitako. Nimempigia mwenye nyumba kumuuliza tunarudi lini, kanijibu: "Hamrudi. Itakuwa ya wageni."

Mimi nimezaliwa humu. Bibi yangu aliingia baada ya Mapinduzi ya 1964, pale majumba ya waliokimbia yalipotaifishwa na watu wakagaiwa vyumba. Baadaye serikali ikaanza kuuza, nyumba ikapata mwenyewe, sisi tukabaki wapangaji. Kodi imepokelewa kila mwezi. Paa halijaguswa.

Juu ya kitanda cha mama yangu kuna boriti, ya tatu kutoka dirishani, imeoza ncha pale inapoingia ukutani. Ukiibonyeza, kidole kinazama kama kwenye mkate uliolowa. Maji yanatoka choo cha ghorofa ya juu, bomba limepasuka, nimepeleka malalamiko mara nne. Mara moja tu akaletwa fundi, naye kaja na mfuko wa saruji! Kapiga plasta juu ya chokaa, kachukua pesa yake, kaenda zake. Masika ya pili plasta ikabanduka pande kubwa, na mawe yake. Mafundi wazee wa mji huu wote wanajua kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani, boriti zinaoza hakuna anayeona, mpaka siku dari inapokuja chini. Kama Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la 1883, limeporomoka upande mzima Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa, basi hizi nyumba zetu zisizotazamwa na mtu zina salama gani?

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba napinga matengenezo. Nayataka kuliko huyo mwenye nyumba, maana anayelala chini ya boriti ile ni mama yangu. Nisichokubali ni nyumba kuachwa ioze makusudi miaka yote sisi tumo ndani, halafu uozo huohuo ugeuzwe sababu ya kututoa.

Ukitaka kubadilisha dirisha Mji Mkongwe unahitaji kibali. Kutoa familia tano, karatasi moja na gundi vimetosha. Kwa nini? Mji umeingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kila siku tunasifiwa kuwa ni mji ulio hai. Uhai wenyewe ni nani kama si sisi? Kichochoro chetu kina nyumba saba. Nilipokuwa mdogo zote zilikuwa na watoto, magharibi usingeweza kupita bila kukanyaga mpira. Leo zenye watu wanaoishi ni tatu, na yetu ikiondoka zitabaki mbili. Waliohama wako Fuoni huko, wanaamka alfajiri kugombania daladala kuja kufanya kazi kwenye nyumba walizozaliwa.

Na tusidanganywe kwamba haiwezekani. Bologna, Italia, kuanzia 1973 manispaa ilichukua fedha zilizotengwa kwa nyumba za watu wa kipato cha chini, ikazipeleka kukarabati nyumba kongwe za katikati ya mji, na wakazi wakaishi humo kwa kodi iliyowekewa kiwango. Wala hatuna haja ya kwenda mbali, wakfu tunao wenyewe. Wazee waliweka nyumba wakfu hapahapa mjini ili watu wapate pa kukaa. Tatizo lake tunalijua, kodi ni ndogo mno haitengenezi hata bati. Lakini nyumba zetu nyingi zina maduka chini. Duka la Kiponda linakodishwa kwa bei ya biashara, basi pesa ya chini na ibebe boriti na chokaa ya juu. Nami niko tayari kuongezewa kodi. Sasa nalipa 40,000 kwa mwezi, nipandishieni, lakini kwa kiwango ambacho mtu wa mshahara wa kawaida anakimudu, na kiandikwe.

Kuandikwa ndiyo hoja yangu. Kibali cha matengenezo kisitolewe mpaka kitaje waliomo ndani, wanakwenda wapi kwa muda huo, wanarudi tarehe gani na kwa kodi gani. Asiyetaka sharti hilo asipewe kibali.

Nawauliza wenzangu wa Malindi, Mkunazini, Shangani, Sokomuhogo: kuna yeyote aliyetolewa kwa ajili ya matengenezo akarudi kwenye chumba chake? Kama mna karatasi iliyosainiwa, iwekeni hapa niione, nimpelekee sheha, kiongozi wa mtaa wetu, Jumatatu. Siku zimebaki 27.