Tupeane uzoefu: kitu ulichoamini hakipitishi umeme, kikapitisha

MwanaMoro
Wakuu, habari za jioni. Shuleni tulifundishwa kwamba kopa, alumini na chuma vinapitisha umeme. Mbao, mpira, plastiki na kauri havipitishi. Ni kweli, ila masika yakiingia mambo hubadilika. Naanza mimi.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na waya wa kuanikia nguo, upande mmoja umefungwa kwenye msumari wa bati, wa pili kwenye mwembe. Darini panya walishatafuna waya wa taa, kopa ikawa inagusa bati. Kiangazi chote hatukuhisi kitu, maana ardhi ilikuwa kavu na tulivaa ndala. Siku ya mvua jirani yetu akatoka peku kuanua nguo, akanaswa pale pale. Mwanawe alitaka kwenda kumvuta. Mpangaji mwenzetu akamdaka, akakimbilia meinswichi na kuzima. Mama alipona, lakini viganja viliungua. Naomba wenye waya wa namna hiyo waufungue leo, waweke kamba ya nailoni.

TichaFizikia
Pole sana kwa jirani. Niongeze hesabu kidogo. Kwenye kopa zipo elektroni zinazozurura bila kushikwa na atomu moja, ukiweka volti zinasogea. Kwenye plastiki zimeshikwa imara. Maji ya ardhini yana chumvi zilizoyeyuka, na hizo ndizo zinazobeba umeme. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa makumi elfu ya omu (omu ni kipimo chake). Ikilowa hushuka hadi kama omu 1,000. Gawa volti 230 kwa 1,000, unapata miliampea 230, ndicho kiasi cha umeme unaopita mwilini. Miliampea 10 hadi 20 tu zinaweza kukaza misuli usiweze kuachia.

FundiLaini_Tanga
Nimefanya kazi za laini za umeme huku mwambao. Vile vikombe vya kauri juu ya nguzo havipitishi umeme, lakini upepo wa bahari unavipaka chumvi, na vumbi linagandia juu yake. Jua likiwaka, salama. Alfajiri umande ukishuka, umeme unaanza kutambaa juu ya ule uchafu: unausikia ukichirizika, na kukiwa na giza unaona vicheche vya buluu. Kwenye laini ya volti 33,000 unaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye chuma cha nguzo, laini ikakatika. Ndiyo sababu kikombe kina mikunjo kama marinda ya sketi, ili njia iwe ndefu na chini ya kila mkunjo pabaki pakavu. Mvua kubwa tunaipenda, inaviosha. Manyunyu ndiyo yanayotutesa. Nguzo ya mti iliyolowa nayo huweza kupitisha umeme, nimeona ikiungua kule juu penye mkono, ile boriti ya kukingama inayobeba vikombe.

BintiKisauni
Sie huku Mombasa maji ya kisima yana chumvi. Hita ya kuogea ya kawaida koili yake, ule waya unaopasha maji, iko wazi ndani ya maji, basi ukishika mfereji vidole vinachomachoma. Fundi alitubadilishia, akaweka ile iliyotengenezewa maji ya chumvi, koili imefunikwa. Akafunga na waya wa earth, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, haukuwepo kabisa, pamoja na swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Sasa watoto wanaoga na moyo wangu umetulia.

MwanaMoro
Ahsante dada. Mkuu wa Tanga, glavu za mpira za dukani zinafaa kwa kazi za umeme nyumbani?

FundiLaini_Tanga
Hapana mkuu. Zile za kuoshea vyombo hazijapimwa kwa volti yoyote. Zetu zina daraja lake la volti, na kabla ya kuvaa tunazikunja zijae upepo, tunasikiliza kama unavuja. Tundu la sindano linatosha kuifanya glavu isifae. Nyumbani zima meinswichi kwanza, kisha hakikisha kwa tesa, kile kifaa cha kupimia kama umeme upo.