Kuninyang'anya ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa) mbele ya mke wa mgonjwa, eti mimi ni wa "kozi ya fasta"! Leo nimechoka

GlovuMoja (mleta mada)

Wakuu, sijaoga, sijala, buti bado ziko mguuni na zamu yangu ya ambulensi imeisha dakika 40 zilizopita. Nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye digrii yake, ambaye hata akiomba glovu lazima kwanza akukumbushe alisoma miaka mingapi. Akiitwa kwa mgonjwa, digrii inatangulia kuingia mlangoni, yeye mwenyewe anafuata baada ya dakika 5. Huyo huyo.

Leo tumeitwa kwa mzee aliyeanguka sebuleni, moyo umesimama. Mwenzangu akashika kifua, mimi njia ya hewa. Bomba la kupumulia nimeliweka mimi, jaribio la kwanza tu likaingia, na mashine ikaonyesha mawimbi ya kabonidayoksaidi safi kabisa, yaani liko mahali pake. Nimepiga magoti kichwani kwa mgonjwa, ambu iko mkono wa kulia, nahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, bonyeza. Pumzi moja kila sekunde 6, kama tulivyofundishwa. Mke wa mzee amesimama ukutani kashika kiatu kimoja cha mumewe, kile kilichomvuka alipoanguka.

Gari la pili likafika. Akaingia yeye. Hakusalimia, hakuuliza tumefikia wapi, hakuuliza dawa gani imeshaingia na saa ngapi. Akaninyang'anya ambu mkononi. MKONONI! Nilikuwa kwenye nne, hata sita sijafika. Akasema, na hapa sipunguzi wala siongezi: "Toa mkono hapo, hii si kazi ya watu wa kozi ya fasta."

Mbele ya mke wa mgonjwa. Yule mama akanitazama usoni, akatazama mikono yangu, kisha akamtazama mumewe pale chini. Sura ile nitaingia nayo kaburini. Alikuwa anajiuliza, dakika zote hizi mume wangu alikuwa mikononi mwa nani?

Halafu msomi wetu akaanza kuibonyeza ile ambu kama anajaza upepo tairi la trekta. Pu! Pu! Pu! Pu! Pumzi 30 kwa dakika na ushee, mapazia yanapepea. Huko kwenye digrii hawaambiwi kwamba ukiyajaza mapafu kupita kiasi shinikizo kifuani linapanda, damu inashindwa kurudi kwenye moyo, na mwenzako anayekandamiza kifua anatoka jasho la bure? Sisi tuliambiwa wiki ya tatu. Wiki ya TATU, wakuu.

Na hiyo "fasta" mnayoisema ni miezi 6, siku 6 kwa wiki, saa 8 kwa siku: darasani, hospitalini, kwenye gari. Hiyo inapita saa 1,200. Kuna waliosoma miaka 2 kwa jioni mbili mbili za wiki na hakuna anayewaita wa fasta.

Ila sijaja kubishana kuhusu saa. Nimekuja kwa sababu mtu ameninyang'anya ambu MKONONI. Na najua anasoma humu. Atokee.

Nimepaki

Siti ya mbele nimeshika. Endeleeni.

DadaDripu

Pole sana kaka. Nimemjua kwenye sentensi ya pili. Mimi aliwahi kunichomolea dripu ambayo imeshakubali, inashuka vizuri kabisa, eti plasta imekaa vibaya. Akachoma upya mara 3, akakosa zote 3. Mgonjwa mwenyewe akasema "mwacheni yule dada arudi".

Kifua120

Mleta mada una povu la kufulia mashuka ya wodi nzima. Umeandika "mkononi" mpaka mkono wenyewe umechoka. Swali moja: aliponyang'anya, ulimjibu nini?

GlovuMoja

@Kifua120 sikumjibu kitu. Kuna mtu sakafuni moyo haupigi, nijibizane? Nilihamia kifuani nikampokea mwenzangu, dakika zake 2 zilikuwa zimetimia na mikono imeshaanza kulegea. Hicho ndicho kinachoniuma. Anakunyang'anya akijua kabisa huwezi kufungua mdomo, kwa sababu ukifungua mdomo mgonjwa ndiye anayelipa.

MzeeWaZamu

Kijana, pole. Kuninyang'anya kifaa bila kuuliza ningemtoa nje hata mimi. Lakini nikuambie jambo ambalo hutalipenda.

Saa 1,200 za miezi 6 na saa 1,200 za miaka 2 si kitu kimoja. Darasa unaweza kulikimbiza. Wagonjwa huwezi. Mtoto mchanga asiyelia, mama anayejifungulia garini, mtoto wa miezi 4 mwenye degedege, hao hawafuati ratiba ya chuo. Mimi nilikaa mwaka na nusu ndipo nikapata uzazi wangu wa kwanza garini, na kamba ya kitovu imemzunguka mtoto shingoni mara 2. Kila nilichosoma kilinitoka. Aliyeniokoa ni mkufunzi aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akaniambia polepole, "ingiza kidole chini ya kamba, ivushe kichwani, usivute." Nikavusha. Mzunguko wa pili ukafuata. Wewe uzazi wako wa kwanza ukija, nyuma yako kutakuwa na nani?

Ujerumani waliliona hilo. Tangu 2014 paramediki wao, yaani mhudumu wa ambulensi wa ngazi ya juu, anasoma miaka 3, saa 4,600, na kati ya hizo 1,960 ni za kituoni kwenye magari na 720 za hospitalini. Kozi fupi ya saa 520 wanayo pia, ila kwenye gari la dharura huyo ni msaidizi.

GlovuMoja

Mzee wangu shikamoo. Hilo la wagonjwa wasiofuata ratiba nimelikubali, sikatai, uzazi garini bado sijauona na nauogopa. Lakini yeye ana miaka yote hiyo na amebonyeza pumzi 30 kwa dakika! Miaka ilikwenda wapi? Na kwenye hizo saa 4,600 kuna kipindi cha kunyang'anya watu ambu?

MzeeWaZamu

Marahaba. Hakuna kipindi hicho. Nenda ukaoge kwanza.

MwanafunziMwaka3

Naombeni msitupige wote kwa fimbo moja. Niko mwaka wa tatu wa digrii na sijawahi kumnyang'anya mtu hata plasta. Uingereza walipandisha kiwango cha kusajiliwa kuwa digrii mwaka 2021. Australia ni digrii ya miaka 3. Afrika Kusini walizifunga kozi fupi, sasa kuna cheti cha mwaka 1, diploma ya miaka 2 na digrii ya miaka 4. Si kiburi. Kazi imebadilika: zamani ulibeba ukakimbia, leo unatakiwa uamue nani apelekwe na nani aachwe kwake kitandani. Huyo unayemwacha ndiye anayekunyima usingizi. Maamuzi ya namna hiyo mtu hajifunzi akiwa mbioni.

SireniYaZamani

Mwanafunzi, soma na historia. Pittsburgh, 1967. Wakati huo sehemu nyingi za Marekani mgonjwa anabebwa na gari la polisi au gari la kubebea maiti, anatupwa nyuma peke yake. Dkt. Peter Safar, yule yule wa kupumulisha mdomo kwa mdomo, akasaidia kufundisha vijana weusi wa Hill District ambao hawakuwa na kazi, baadhi yao hawakumaliza hata sekondari. Huduma ikaitwa Freedom House. Wakawa miongoni mwa paramediki wa kwanza Marekani, na hakuna aliyewauliza digrii kwa sababu digrii yenyewe ya kazi hiyo haikuwepo. Mwaka 1975 jiji likaanzisha huduma yake, Freedom House ikafungwa, na wengi wa wale vijana wakajikuta wamesukumwa nje. Kazi wameianzisha wao, wakaambiwa hawafai. Kwa hiyo mleta mada, wewe si wa kwanza kunyang'anywa ambu.

Kifua120

Mgonjwa yuko sakafuni, huyu kafika Pittsburgh.

DerevaWaUsiku

Nyie gombanieni ambu. Mimi nataka kujua nani anaosha gari. Kila zamu nikipokea nakuta damu imekauka kwenye reli ya machela, glovu zimesokotwa chini ya kiti, na kile kibomba cha kunyonyea makohozi kimejaa. KIMEJAA. Mwenye cheti haoshi kwa sababu alikuwa na mgonjwa, mwenye digrii haoshi kwa sababu anaandika ripoti. Ripoti ya saa 2! Mtu hata wosia hauandiki kwa saa 2.

DadaDripu

Dereva umenigusa penyewe. Na silinda ya oksijeni je? Juzi nafungua naona mshale umelala kwenye nyekundu, na kwenye daftari la ukaguzi kuna tiki nzuri, imenyooka, na sahihi chini. Aliyetia tiki hata silinda hakuigusa.

Kifua120

Tiki za asubuhi zinatiwa mtu akiwa amekaa, hilo linajulikana.

Nimepaki

Samahani naharibu mjadala. Mleta mada, yule mzee vipi?

GlovuMoja

Mapigo yalirudi kabla hatujamtoa sebuleni. Tumemkabidhi hospitali akiwa na mapigo. Zaidi ya hapo siandiki, ni siri ya mgonjwa.

Ila acha niwaambie kitu ambacho sikukiandika mwanzo. Tulipokuwa tunafunga mlango wa gari yule mama alikuja kushukuru. Alipita mbele yangu. Akaenda moja kwa moja kwa YEYE, akamshika mkono kwa mikono miwili na kile kiatu kikiwa bado kimebanwa kwapani. Mkono ule ule ulioninyang'anya ambu. Naye akapokea shukrani, wakuu. Akapokea na kuitikia!

MwanafunziMwaka3

Kaka pole. Kwa hilo sina utetezi.

MzeeWaZamu

Hapo ameniudhi hata mimi. Sikiliza: usimfuate yeye. Kesho asubuhi mwone mkuu wa zamu, mwambie kwa utulivu. Mashine inatunza mawimbi ya kabonidayoksaidi, kasi ya pumzi itaonekana kabla na baada. Chapisha karatasi, iweke mezani, nyamaza. Karatasi itasema.

DerevaWaUsiku

Karatasi ipi mzee? Rola ya karatasi ya mashine ya gari lao imeisha wiki ya pili sasa. Nimeripoti, nimejibiwa "tumepokea". Kama lile gurudumu la machela, nalo "walilipokea".

Kifua120

Kumbe na lenu? Letu linavuta kulia. Ukishuka nalo mteremko unajikuta uko kwenye bustani ya watu na mgonjwa anauliza tunakwenda wapi.

DadaDripu

Letu linalia. Usiku mtaa mzima unajua tumefika, hata sireni hatuwashi.

GlovuMoja

Jamani turudi kwenye mada. Mtu ameninyang'anya ambu.

SireniYaZamani

Gurudumu likilia ni beringi. Likikwama ni uchafu. Watu wanachanganya.

DerevaWaUsiku

@GlovuMoja lenu ni lile lile la mbele kushoto?

GlovuMoja

Ndiyo, la mbele kushoto, linakwama tukigeuka. Leo limekwama kizingitini na mzee yuko juu yake, tukanyanyua machela kwa mikono.

DerevaWaUsiku

Pindua machela uangalie ekseli. Kwenye letu nilitoa nywele na bendeji iliyojisokota, ukiinyoosha inakaribia mita nzima. Tumia mkasi wa kukatia nguo, usitumie kisu.

GlovuMoja

Bado niko kituoni. Nashuka kuangalia.