Mgongo unaniuma usiku, GP (daktari wa mtaa) ananipeleka kwa fisio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo): aliyewahi kuugua saratani ya titi anisaidie

Kutoka: Mama Zuu, Reading

Wakubwa shikamooni, wengine habari za wiki.

Wanaonifahamu hapa Uingereza wanajua niliugua saratani ya titi la kushoto mwaka 2017. Nilifanyiwa upasuaji, kemo, mionzi, halafu tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni, kwa miaka mitano. Nikamaliza, kliniki ikaniruhusu kwa barua, tukamshukuru Mungu. Sasa tangu baada ya Krismasi nina maumivu katikati ya mgongo, pale sidiria inapofungwa. Sijaanguka, sijanyanyua kitu kizito. Mchana nachapa nayo kazi, usiku nikilala ndipo yanapopamba moto, na nikikohoa yanazunguka mbavuni kama nimefungwa mkanda. Brufeni haifui dafu.

Nimempigia GP. Mapokezi wanasema nijaze fomu ya mtandaoni. Fomu inauliza wapi panauma. Ukichagua mgongo inakupeleka kwa fisio moja kwa moja, hakuna mahali pa kuandika kwamba uliwahi kuugua saratani. Huyo fisio mwenyewe ni wa simu, na tarehe yake ni wiki nyingi mbele. Nikaomba kuongea na daktari, binti akanijibu kwamba kwa mambo ya mgongo utaratibu ndio huo.

Swali langu: mtu aliyesharuhusiwa kliniki anaweza kumpigia nesi wa matiti mwenyewe, au lazima GP aandike rufaa upya? Barua yangu ina namba ya simu chini lakini haisemi mwisho wake lini. Naomba aliyewahi kufanya hivyo anijibu.

Kutoka: Baba Mapacha, Coventry

Pole sana dada. Usiogope, mgongo ni ugonjwa wetu sote tunaofanya kazi za kusimama. Mimi nilipata diski ya mgongo nikiwa kazini ghalani, nikatafuta sick note ya daktari, nikachelewa SSP (malipo ya mfanyakazi mgonjwa), ilikuwa vita. Mwisho fisio alinipa mazoezi nikapona kabisa. Angalia na godoro lako, magodoro laini ya huku yanaua migongo. Usikatae fisio.

Kutoka: Nesi wa Zamu, Milton Keynes

Baba Mapacha, kwa heshima zote, habari za godoro ziache. Wewe hukuwahi kuwa na saratani, huyu aliwahi. Maumivu yaleyale kwa watu wawili hayabebi uzito uleule.

Mama Zuu mdogo wangu, soma taratibu. Saratani ya titi ikisambaa, mahali inapokwenda zaidi ni mifupa, na katika mifupa uti wa mgongo uko mstari wa mbele, pamoja na nyonga, mbavu na mifupa ya mapaja. Inaweza kurudi baada ya miaka mingi, hasa ile inayolishwa na homoni, na kama ulipewa tamoksifeni basi yako ni ya aina hiyo. Kuruhusiwa kliniki hakukuondolei hatari hiyo. Na msije mkamwambia hapa kwamba mamogramu yake ya mwisho ilikuwa safi: mamogramu inapiga picha titi, mfupa wa mgongo haiuoni.

Uliyoyaeleza ndiyo yanayotufanya tusimame: maumivu mapya, hayana sababu, yanazidi badala ya kupungua, yanakuamsha usiku, yanachomoza ukikohoa, na yako katikati ya mgongo wakati maumivu ya kawaida ya mgongo mara nyingi huwa chini kiunoni. Sisemi ni saratani. Wengi waliowahi kuugua titi wakiumwa mgongo hukutwa na misuli tu, au diski kama ya Baba Mapacha. Nasema uangaliwe upesi. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2023 unasema mtu mwenye maumivu yanayoashiria saratani kwenye uti wa mgongo apigwe picha ya MRI ndani ya wiki moja. Akiwa na dalili za neva, ndani ya saa 24.

Dalili za neva ni hizi, na naomba kina dada wote wazishike: miguu kulegea au kuanza kupepesuka, ganzi mapajani kwa ndani au sehemu ya kukalia, mkojo kukataa kutoka au kujitokea, choo kukutoka bila kujua. Hapo hakuna fomu, hakuna fisio. Ni A&E (idara ya dharura hospitalini) siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane ya usiku, maana uvimbe unakandamiza neva za uti wa mgongo na kukawia kunaweza kukuondolea kutembea.

Kesho saa mbili asubuhi piga tena mapokezi na useme hivi bila kuzungusha: "Niliwahi kuwa na saratani ya titi. Nina maumivu mapya ya mgongo, yananiamsha usiku na yanazidi. Nahofia imesambaa kwenye mifupa. Nahitaji daktari leo, na naomba hayo yaandikwe kwenye rekodi yangu." Sisi tumelelewa tukimwambia daktari "najisikia vibaya kidogo" kwa adabu. Huku hiyo "kidogo" ndiyo wanayoiandika.

Kutoka: Bi Mkubwa, Slough

Assalaam alaykum. Mwanangu Mama Zuu, Mungu akupe afueni.

Msikilize Nesi. Marehemu dada yangu aliugua titi, akapona, ikapita miaka zaidi ya kumi sote tumeshasahau. Ikaanza nyonga na mgongo. Kila akienda anaambiwa umri, mama, umri. Akapigwa eksirei, wakasema hamna kitu, sisi tukafurahi. Kumbe eksirei hukosa mengi ya mifupa mwanzo mwanzo. Mpaka alipofungika choo, ana kiu ya maji usiku kucha na maneno yanamchanganyika, ndipo damu ikapimwa, kalisiamu (madini ya mifupa) iko juu. Akafanyiwa skani ya mifupa, ikaonekana.

Lakini nataka niseme na hili, kwani watu wakisikia imesambaa hutandika jamvi la matanga. Dada yangu hakufa mwaka ule wala uliofuata. Walimpiga mionzi mara moja tu mgongoni, na maumivu yakapungua akaweza kulala. Wakampa vidonge vya homoni na sindano ya kuimarisha mifupa, ila kwanza akapelekwa kwa daktari wa meno, maana sindano ile inaweza kuharibu taya. Alicheza harusi ya mwanawe wa mwisho. Haukuwa ugonjwa wa kupona, lakini ulitibika, na angeanza mapema angepumzika na yale maumivu mapema.

Kutoka: Mama Biashara, Northampton

Mimi niko kwenye letrozoli, kidonge cha homoni cha saratani ya titi, mwaka wa tatu na viungo vyote vinaniuma, magoti, vidole, mgongo, asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume. Nesi, sasa mimi nijuaje lipi ni la dawa na lipi ni la hatari? Maana nikipiga kila ninapoumwa watanichoka.

Na Mama Zuu, umeshajaza FP92A, fomu ya cheti cha kusamehewa malipo ya dawa? Kama hujajaza unalipia dawa bila sababu.

Kutoka: Mluhya wa Leeds

Mama Biashara, hiyo FP92A amesaidiwaje nayo leo? Dada anauliza kuhusu mgongo. Na hata hivyo cheti kinaisha baada ya miaka mitano, kwa hivyo aangalie tarehe, asije akapigwa faini.

Jambo la maana ni hili. Kuanzia Septemba 2025 kuna Jess's Rule kwa GP wote: mgonjwa akirudi mara ya tatu na tatizo lile lile bila jibu, ama akizidi kuwa mbaya, daktari anatakiwa kuanza kufikiri upya, kumwona uso kwa uso, kumpima, kuagiza vipimo. Imepewa jina la msichana Jess Brady, aliyefariki 2020 akiwa na miaka 27 baada ya kurudishwa nyumbani mara nyingi. Litaje jina hilo pale mapokezi. Wanalijua.

Kutoka: Mzee wa Clyde, Glasgow

Hiyo kanuni ni ya England peke yake. Kila siku nawakumbusha kwamba Uingereza si London na Leeds tu. Na FP92A huku haina kazi, dawa ni bure kwa kila mtu.

Kutoka: Mluhya wa Leeds

Mzee, Reading iko Scotland tangu lini?

Kutoka: Nesi wa Zamu, Milton Keynes

Ndugu zangu, tafadhali.

Na Mluhya, asisubiri kufika mara ya tatu. Kanuni ile ni ya kumzuia daktari asichoke kufikiri, haimwambii mgonjwa ahesabu.

Mama Biashara, swali lako ni zuri na wengi wanalo. Maumivu ya letrozoli kawaida ni ya viungo vingi, pande zote mbili, yanakaza asubuhi na kulegea ukishatembea. Linalonishtua ni lile la sehemu moja, jipya, linaloendelea wiki baada ya wiki, halijali umepumzika au umetembea, na usiku ndio sherehe yake. Mfupa wenyewe ukiubonyeza unauma. Hilo pigia simu, hata kama wiki iliyopita ulipiga kwa jingine. Wewe bado uko kliniki, una nesi wako mwenye jina na namba. Hawakuchoki, ndiyo kazi yao.

Kutoka: Dada wa Care, Swindon

Samahani kuingilia. Nina mwenzangu kazini, yuko kwa viza ya care (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa), ana uvimbe kwapani na hajajiandikisha kwa GP kwa sababu aliambiwa bila IHS (ada ya afya ya wenye viza) atapewa bili. Je, ni kweli?

Kutoka: Mluhya wa Leeds

Si kweli! Viza ya Health and Care imesamehewa IHS na anatibiwa na NHS, huduma ya afya ya serikali. Na kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti wala bili ya umeme. Wakimwambia lazima, aombe wamwandikie hivyo kwenye karatasi. Mwambie aende kesho, uvimbe kwapani si wa kukalia. Na asisubiri screening (uchunguzi wa matiti wa kuitwa), hiyo inaanza miaka 50, na wanawake weusi saratani hii huwapata wengi wakiwa hawajafika huko.

Kutoka: Bi Mkubwa, Slough

Haya mambo ya kuogopa bili yananikumbusha nilipompeleka shangazi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Lile jengo la Wajerumani linatazama bahari, upepo unaingia madirishani, na watu wametoka Lindi, Songea, Kigoma, wamekuja na wake zao na watoto kusubiri mionzi. Wengi walifika ugonjwa umeshakwenda mbali. Nakumbuka mwanamke mmoja alikuwa akikandwa mgongo kwa maji ya chumvi miezi na miezi kwao, wanasema ni baridi yabisi. Nyumbani watu wanaumwa mgongo tangu ujana, kulima, kuteka maji, nani atafikiria titi?

Mimi nikizidiwa, nipelekeni. Nataka kusikia adhana ya kwetu.

Kutoka: Baba Mapacha, Coventry

Bi Mkubwa umenigusa. Na ndiyo maana suala la uraia pacha haliishi. Nimezaliwa Ilala, wazazi wangu wamezikwa Ilala, na nikitua pale uwanja wa Julius Nyerere napanga foleni ya viza na pasi ya Uingereza. Mtu mgonjwa anataka kwenda kufia kwao anaanza kuhesabu siku 90.

Kutoka: Mluhya wa Leeds

Poleni jirani. Sisi Wakenya Katiba ya 2010 ilitumalizia hilo.

Kutoka: Mzee wa Clyde, Glasgow

Ndiyo, na SHA yenu, ile bima ya afya, imewamaliza kwa lingine. Kila nchi na kidonda chake.

Kutoka: Msimamizi

Uraia pacha una uzi wake, hamieni huko. Hapa kuna mgonjwa.

Kutoka: Mama Zuu, Reading

Asanteni wote, na Bi Mkubwa asante kwa dua.

Nilipiga saa mbili kamili na kusema maneno ya Nesi kama yalivyo, nikiyasoma kwenye karatasi. Binti alinyamaza kidogo, akaniandika nipigiwe simu, mchana daktari akanipigia na jioni akaniona. Alinigonga mgongo kwa ngumi, mfupa mmoja ukanifanya niruke. Akapima nguvu za miguu, iko sawa. Amenitoa damu ya kupima, kalisiamu ikiwemo, na ameomba MRI ya uti wote wa mgongo, nimeshapewa siku: Alhamisi, hospitali kubwa. Amenipa karatasi ya zile dalili za miguu na mkojo, za A&E, nimeibandika kwenye friji na Zuu amezisoma.

Usiku bado sijalala vizuri. Wakati mwingine naomba iwe diski ya Baba Mapacha.

Ila kuhusu ile namba ya nesi wa matiti bado sijapata jibu. Nilipiga, imepokelewa na mashine, nimeacha ujumbe. Kuna anayejua kama bado niko kwenye orodha yao?

Kutoka: Mama Biashara, Northampton

Mimi kliniki yangu ina PIFU, mpango wa mgonjwa kupiga mwenyewe akiwa na tatizo, unapiga hadi miaka mitano tangu operesheni. Yako sijui.

Kutoka: Mzee wa Clyde, Glasgow

Inategemea hospitali. Huku kwetu ni tofauti.

Kutoka: Dada wa Care, Swindon

Dada Mama Zuu, Alhamisi niko off na nina gari. Treni ya nini na mgongo huo? Nitakuja kukuchukua, niambie saa tu. Na yule mwenzangu amejiandikisha leo.