Mshale wa joto haupandi tangu tuhamie Nairobi

Kutoka South B, Jumatatu

Wanajumuiya, habari za asubuhi. Wakubwa, shikamooni.

Naomba msaada wa gari. Tulihama na RAV4 yetu kutoka Dar mwezi wa tano, tukapita Namanga salama. Tangu baridi ya Julai ianze, mshale wa joto haufiki katikati. Kwenye foleni ya Mombasa Road unapanda kidogo, ila jana tukiteremka kutoka Limuru ulilala chini kabisa. Hita inatoa upepo wa baridi, kioo kinajaa ukungu, na watoto nawapeleka shule alfajiri. Petroli nayo inaisha haraka. Fundi wa jirani amefungua mfuniko wa oili, amekuta povu jeupe, anasema gasketi ya silinda hedi imekufa na lazima injini ifunguliwe. Nimeogopa. Nifanyeje?

Kutoka Rongai

Pole dada. Baridi ya huku ndiyo ilivyo. Ziba rejeta kwa kadibodi mpaka Septemba.

Kutoka Ngara

Marahaba mwanangu. Injini isifunguliwe kwanza. Na kadibodi usiweke: siku utakayokwama kwenye foleni ya jua kali utaichemsha.

Ulichoeleza, mshale kupanda kwenye foleni na kushuka ukienda mbio au ukiteremka, ni dalili ya thamostati iliyoganda ikiwa wazi, au iliyotolewa. Ndani yake kuna nta inayotanuka ikipata joto. Nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Chini ya hapo hufunga njia ya rejeta ili injini ipate moto upesi. Isipofunga, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na upepo wa barabarani unayapoza kuliko injini inavyoyapasha.

Lile povu linanihuzunisha, maana limewafungulisha wengi injini bure. Injini isiyopata moto haiukaushi unyevu ulio ndani yake; unagandamana na oili chini ya mfuniko, hasa kwa safari fupi za shule na sokoni. Gasketi ikifa utaona maji yakipungua bila kuvuja nje, moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, au oili yote kwenye kijiti cha kupimia imegeuka rangi ya maziwa. Angalia kijiti. Kikiwa safi, tulia.

Petroli inaisha kwa sababu kompyuta inaamini gari bado ni baridi, inaongeza mafuta. Mengine yanateleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ndiyo maana siwezi kukuambia uvumilie mpaka msimu upite.

Kesho gari likiwa limelala usiku kucha, liwashe, liache lingurume bila kukanyaga mafuta, ushike mpira wa rejeta ulio upande wa thamostati (Toyota nyingi ni ule wa chini). Ubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate joto ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu mapema, taratibu pamoja na injini, thamostati haifungi. Fundi akiwa na mashine ya kusoma kompyuta, mwombe joto halisi. Mashine ikisema 88 na mshale uko chini, tatizo ni sensa au geji. Akiona namba ya hitilafu P0128, ni injini kuchelewa kufika kwenye joto lake.

Kutoka South B, Alhamisi

Baba, asante sana. Kijiti ni safi. Mpira ulianza uvuguvugu mapema, na mashine ilisoma 61 baada ya kuendesha nusu saa. Fundi mwingine alifungua nyumba ya thamostati mbele yangu: hamna kitu! Mume wangu amekumbuka kwamba gari lilichemsha Dar mwaka juzi na fundi wa kule akaitoa.

Kutoka Ngara

Basi joto la Dar lilikuwa linaficha kosa, na Nairobi imelifichua. Lakini mwanangu, ukirudisha thamostati bila kutibu kilichochemsha, itachemsha tena. Rejeta isafishwe, feni ikaguliwe kama inajiwasha yenyewe, na mfuniko wa rejeta ubadilishwe. Mfuniko huo una kazi kubwa huku: tuko mita 1,700 na zaidi, maji yasiyo na presha yanachemka karibu nyuzi 94.

Kirinyaga Road utapata thamostati. Kabla ya kuifunga ichemsheni kwenye sufuria yenye kipimajoto. Ikianza kufunguka karibu na 82, ni nzima. Msiikatae kwa kutofunguka hadi mwisho, maana baadhi hukamilisha kwenye 95, na sufuria ya Nairobi haifiki huko. Kipini kidogo cha kutolea hewa kikae juu. Jazeni kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, si ya bomba, mtoe hewa hita ikiwa imewashwa. Oili nayo ibadilishwe. Na usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, hata kidogo.

Kutoka South B, Jumapili

Tumefunga thamostati mpya jana, na rejeta ilitoa matope mekundu mengi mno. Leo tumepanda Limuru na kurudi. Mshale ulifika katikati kabla hatujatoka mtaani, ukakaa hapohapo hata kwenye mteremko, na kioo kilikuwa kikavu. Mfuniko wa oili nitaukagua tena Ijumaa, nitawaandikia.